Gunia la Mwisho la Korosho: Tuuze Lini?

Ndugu wanavikundi, kila ifikapo mwezi wa Machi tunaulizwa swali lile lile, kuanzia Msambweni hadi Lunga Lunga: "Tumebakiwa na gunia moja au mawili ya korosho. Tuuze sasa ama tungoje bei ipande?" Wengi huamua kungoja. Tunawaelewa, kwa sababu wamezoea mahindi, na kwa mahindi mara nyingi anayengoja hupata.

Lakini korosho si mahindi. Bei ya mahindi hupandishwa na njaa yetu wenyewe. Mavuno ya vuli yakiwa haba, ifikapo Mei kila nyumba inanunua unga, na aliyebakisha gunia darini ana mali. Korosho haijui njaa ya Kwale. Bei yake hufuata soko la dunia, na korosho nyingi za dunia hubanguliwa Vietnam na India. Sisi twavuna kuanzia Novemba hivi mpaka Machi. Kodivaa, nchi ya Afrika Magharibi inayovuna korosho ghafi kuliko zote, huanza kuvuna karibu na Februari. Basi wakati wewe umefunga gunia ukingoja uhaba, huko mzigo ndio kwanza unaingia sokoni.

Mwaka 2009 serikali yetu ilipiga marufuku kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi, ili zibanguliwe hapa hapa. Hata hivyo mwenye kiwanda anayeuza ng'ambo hulipwa bei ya ng'ambo, na hawezi kumpa mkulima asichopata. Ni kweli kuna miaka bei hupanda mwezi wa Mei. Hutokea. Ila mtu asiifanye bahati hiyo kuwa kalenda.

Tufanye hesabu ya mfano. Mama ana kilo 60, na broka anatoa shilingi 50 kwa kilo. Akiuza leo anapata 3,000. Akingoja miezi miwili, tuseme korosho zikauke zaidi zibaki kilo 57, na kilo 4 ziharibike kwa ukungu. Zimebaki 53. Ili apate zile zile 3,000, bei lazima ifike karibu shilingi 57. Na kama katika kungoja alikopa 1,000 kikundini kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ameongeza deni la 200: sasa bei itafutwe ya 61, na hapo hajapata faida hata ya sabuni! Kila nyumba iweke namba zake yenyewe, kisha ijiulize kama kuna dalili yoyote ya bei hiyo.

Jambo la pili ni mvua. Mvua za mwaka zikianza, hewa yetu ya pwani hulowesha kila kitu. Anayetaka kuweka korosho azianike mpaka ukucha usiweze kutia alama kwenye ganda, azitie katika magunia ya katani, si ya plastiki, na ayapange juu ya miti yasiguse sakafu wala ukuta. Kama paa lavuja, jamani, hakuna mjadala: uza.

Wako pia waliochukua pesa za broka tangu mti ungali na maua. Hao hawana gunia la mwisho, limekwisha kuuzwa zamani, tena kwa bei ya broka. Kwa maoni yetu, hazina ya kikundi ianze na hao kabla miti haijachanua tena, kuliko kumkopesha mwenye gunia ili aendelee kungoja.

Kabla hamjaamua, chukueni korosho 100 kutoka sehemu mbalimbali za gunia, juu, katikati na chini. Zipasueni kwa kisu, mkijihadhari na mafuta ya ganda kwani yanachoma ngozi. Hesabuni zenye viini vilivyosinyaa, vyenye ukungu au madoa. Wanunuzi wengine hufanya hivyo hivyo kabla ya kutaja bei, na ni afadhali ninyi mjue jibu kwanza. Rudieni baada ya wiki mbili. Zikiwa mbaya zimeongezeka, mwiteni broka wiki hiyo hiyo, tena mwiteni zaidi ya mmoja, na mpime kwa mizani ya kikundi wala si kwa debe lake.