Alama 930, lakini jina si lake

Sema umepitisha mafuta ya karafuu kwenye GC-MS, mashine inayotenganisha kemikali kisha kuzivunja na kupima vipande. Programu inakuambia kilele kikubwa ni isoyujenoli, alama 930 kati ya 999. Usiandike kwenye tasnifu bado! Yujenoli, ambayo ndiyo imejaa kwenye karafuu, ina uzito uleule wa molekuli, 164, na inavunjika karibu vilevile. Alama hiyo inalinganisha vipande tu.

Angalia RI, namba inayoonyesha kemikali imekawia kiasi gani ndani ya kolamu. Kwenye kolamu isiyo ya polari, yujenoli hutoka karibu na 1360, isoyujenoli karibu na 1450. Hapo ndipo NIST inakufaa, maana ina spektra pamoja na RI nyingi. Wiley nayo ni kubwa, ila zote mbili ni za kulipia (wanafunzi mnanielewa). MassBank, iliyoanzia Japani, ni bure, na GNPS pia. Hizo zinasaidia zaidi kwenye LC-MS/MS. Lakini kule nishati ya kuvunjia hutofautiana mashine na mashine, si kama eV 70 za GC-MS, kwa hiyo alama ndogo isikutishe.

Na kama kemikali yako haimo kabisa kwenye maktaba? Programu itakupa jina la jirani yake, bila aibu. Ukiweza, pitisha yujenoli halisi kwenye kolamu ileile kabla hujaenda kwa msimamizi.