Vipande Elfu Tatu vya Kadibodi

Sogeeni karibu, wanangu, na mwenye daftari alifungue. Hadithi ya leo ni ya kweli, na ndani yake mna hesabu. Msiogope. Ni hesabu ya kujumlisha, kutoa na kugawa, na tukimaliza mtaweza kusoma jedwali ambalo wakubwa wengi wakiliona hufunga kitabu.

Palikuwa na bwana mmoja aliyeketi na vipande 3000 vya kadibodi. Juu ya kila kipande aliandika urefu wa mtu mmoja, na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto wa mtu huyo. Watu wenyewe walikuwa wafungwa wa Uingereza, na vipimo vyao vilikuwa vimekwisha kuchapishwa na mtu mwingine. Alipomaliza kuandika, akavichanganya vipande vile mpaka vikachanganyika hasa, kisha akaanza kuvichomoa: vinne, vinne, vinne, hadi akapata mafungu 750. Kwa kila fungu akapiga hesabu ya wastani. Hapakuwa na kompyuta. Ilikuwa kalamu, karatasi na subira.

Kwa nini mtu mzima ajisumbue hivyo? Ngojeni niwaambie alikuwa nani.

Jina lake William Sealy Gosset, mzaliwa wa Canterbury mwaka 1876. Alisoma kemia na hisabati huko Oxford, na mwaka 1899, akiwa kijana wa miaka 23, akaajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Kiwanda kilitaka kujua shayiri ipi ni bora, mbolea ipi inafaa, kimea kipi kinatoa kinywaji cha namna moja kila siku. Ili kujua, lazima ujaribu. Lakini shayiri huvunwa mara moja kwa mwaka, na shamba la majaribio halina mwisho wa gharama. Kwa hiyo Gosset alijikuta ana vipimo vinne, sita, labda kumi.

Mabingwa wa takwimu wa wakati ule walizoea kufanya kazi na vipimo vingi, mamia kwa maelfu. Ukiwa na vipimo elfu moja, wastani wako umetulia kama mtungi uliojaa maji. Ukiwa na vinne, unayumba. Gosset alikwenda London mwaka 1906 kusoma kwa Karl Pearson, bingwa mkubwa wa fani hiyo, akiwa na swali moja moyoni: wastani wa vipimo vichache unayumba kiasi gani hasa?

Sasa mnaiona kazi ya zile kadibodi. Gosset aliujua ukweli wote, kwa sababu alikuwa na watu 3000 mezani. Akajifanya haujui. Akachomoa wanne tu, akatazama watu wanne wanaweza kumpotosha mtu kwa umbali gani. Akarudia mara 750.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye moyo wa hadithi. Fungu la watu wanne linaweza kukupotosha kwa njia mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: huenda ukachomoa warefu watupu, wastani ukapanda juu. Ya pili ni ya siri zaidi. Huenda ukachomoa watu wanne waliolingana urefu kwa bahati tu, ukadhani kwamba watu wote wa nchi ile wanalingana. Hapo unakosea na huku unajiamini! Tofauti baina ya vipimo tunaipima kwa kitu kinachoitwa mchepuko sanifu: vipimo vikitawanyika, mchepuko ni mkubwa, vikikaribiana, ni mdogo. Fungu dogo mara nyingi hutoa mchepuko mdogo kuliko ulivyo kweli. Gosset alitaka kipimo kinachozihesabu njia zote mbili kwa pamoja.

Jibu lake lilichapishwa mwaka 1908 katika jarida la Biometrika. Mkitafuta jina la Gosset pale hamtalipata. Kiwanda kilimruhusu achapishe kwa sharti kwamba asitumie jina lake, basi akajiita Student, yaani Mwanafunzi. Mpaka leo jibu lile linaitwa mgawanyo wa t wa Student, na mimi napenda sana kwamba jina lililobaki ni la mwanafunzi.

Haya, daftari. Ndani ya andiko lile Gosset alitumia mfano wa wagonjwa kumi wa hospitali moja ya Marekani, waliopewa dawa mbili za usingizi kwa nyakati tofauti. Kila mgonjwa alipimwa saa alizolala zaidi alipotumia dawa ya kwanza, na alipotumia ya pili. Tukitoa ya kwanza katika ya pili, tunapata tofauti kumi, kwa saa:

1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6, 1.4.

Jumlisheni. Ni 15.8. Gawanyeni kwa 10: wastani ni 1.58. Dawa ya pili imeongeza usingizi kwa zaidi ya saa moja na nusu kuliko ya kwanza. Je, tushangilie? Bado. Watu kumi ni wachache. Huenda dawa zote mbili ni sawa na bahati ndiyo iliyotuletea namba hizi.

Tunatafuta mchepuko sanifu. Katika kila namba toeni wastani, zidisheni jibu kwa lenyewe, jumlisheni yote, gawanyeni kwa 9, kisha tafuteni kipeuo cha pili. Mtapata 1.23. Hicho ndicho kiasi ambacho mgonjwa mmoja hutofautiana na wenzake. Lakini wastani wa watu kumi hauyumbi kama mtu mmoja, kwa hiyo tunagawanya 1.23 kwa kipeuo cha pili cha 10, ambacho ni 3.16. Inabaki 0.389. Iiteni hatua moja.

Sasa ulizeni: kutoka sifuri, mahali ambapo dawa mbili zingekuwa sawa kabisa, wastani wetu umesogea hatua ngapi? Gawanyeni 1.58 kwa 0.389. Hatua 4.06. Hiyo ndiyo t.

Na thamani ya p? Hapa watu hupotea, basi nisikilizeni kwa makini. Tuseme dawa mbili ni sawa kabisa, hakuna tofauti hata kidogo. Tuseme tunarudia jaribio hili la watu kumi mara nyingi mno, kama Gosset na kadibodi zake. Mara ngapi katika kila mara mia, au katika kila mara elfu, bahati peke yake ingetusogeza hatua 4.06 au zaidi? Sehemu hiyo ndiyo p. Ikiwa ni kubwa, bahati inaweza kabisa kuwa imefanya kazi hii. Ikiwa ni ndogo sana, tunaanza kuishuku ile kauli kwamba dawa ni sawa. Angalieni: p haisemi dawa ni nzuri kwa kiasi gani, wala haisemi uwezekano wa dawa kuwa bure. Inasema tu jinsi namba zetu zilivyo za ajabu iwapo hakuna tofauti yoyote.

Fungueni nyuma ya kitabu cha takwimu. Jedwali la t lina mistari inayolala na safu zinazosimama. Upande wa kushoto kuna namba 1, 2, 3 zikishuka chini. Hizo ni digrii za uhuru. Kwa nini uhuru? Chukueni maembe 30 na watoto kumi. Mtoto wa kwanza achukue anavyotaka, wa pili vilevile, mpaka wa tisa. Wa kumi hana la kuchagua. Atapokea yaliyobaki ili jumla iwe 30. Tisa wana uhuru, mmoja hana. Namba zetu kumi zikishafungwa na wastani wao, tisa tu ndizo huru. Ndiyo maana tuligawanya kwa 9, na ndiyo maana tunakwenda kwenye mstari wa 9.

Wekeni kidole pale, mkivute kuelekea kulia. Mtakuta 1.383, 1.833, 2.262, 2.821, 3.250, 4.297. Juu ya kila safu, kichwani, pameandikwa uwezekano: 0.10, 0.05, 0.025, 0.01, 0.005, 0.001. Tafuteni 4.06.

Hamuioni, sivyo? Mwanafunzi wa kwanza kuniuliza iko wapi alidhani amekosea hesabu. Hakukosea. Jedwali lina namba chache tu kwa kila mstari, na t yako karibu kila mara itaangukia katikati ya mbili. Ya kwetu imepita 3.250 na haijafika 4.297. Pandisheni macho juu: p iko baina ya 0.005 na 0.001. Jedwali halikupi nyumba, linakupa mtaa. Na kwa kazi nyingi mtaa unatosha.

Lakini kuna swali moja kabla hatujaandika jibu. Mgawanyo wa t umechorwa kama kilima chenye mikia miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Namba nilizowasomea ni za mkia mmoja, yaani tunahesabu bahati inayosukuma upande mmoja tu. Sisi hatukujua mapema dawa ipi ingeshinda. Bahati ingeweza kutupeleka kulia au kushoto, na kwa haki lazima tuhesabu mikia yote miwili. Zidisheni kwa 2: p iko baina ya 0.002 na 0.01. Majedwali mengine yameshazidisha, kwa hiyo someni kichwa cha jedwali kabla ya kusoma tumbo lake. Makosa mengi niliyoyaona katika daftari za wanafunzi yalianzia hapo.

Na msichague mkia baada ya kuiona namba. Mtu anayengoja aone t imeangukia wapi ndipo aseme "nilitaka mkia huu tu" anajipunguzia p kwa nusu bila haki.

Gosset mwenyewe alisema, kwa lugha ya zama zake, kwamba uwezekano ni kama 666 kwa 1 kuwa dawa ya pili ni bora. Mkigawanya 1 kwa 667, yaani 666 na 1, mnapata 0.0015, nayo imo katika mtaa wetu wa mkia mmoja, baina ya 0.001 na 0.005.

Jedwali la namna tunayoitumia lilienezwa na Ronald Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1925. Jedwali la Gosset lilianza na umbali na kukupa uwezekano. Fisher aligeuza: alianza na uwezekano mchache uliochaguliwa, akaandika umbali wake, na yote yakaenea kwenye ukurasa mmoja. Faida ni wepesi. Hasara ni kwamba watu waliizoea mno safu ya 0.05, wakaanza kuiona kama mlango wa mbinguni: ukipita umeokoka, ukibaki nje umepotea. Mimi sikubaliani na mazoea hayo. Namba 0.049 na 0.051 ni majirani wa ukuta mmoja.

Tazameni dawa ya kwanza peke yake mwone. Saa zilizoongezeka kwa wagonjwa walewale kumi zilikuwa na wastani wa 0.75, na t yake ni 1.33. Mstari ni uleule wa 9. Kidole hakifiki hata kwenye 1.383, namba ya kwanza kabisa. Kwa mkia mmoja p imezidi 0.10, kwa mikia miwili imezidi 0.20. Je, dawa haifanyi kazi? Hatujasema hivyo. Tumesema watu kumi hawa hawatoshi kutuondolea shaka.

Kuna jambo jingine lililotokea katika mfano huu, na silifichi. Gosset alipoyanakili majina ya zile dawa, aliyakosea, na kosa likapita hadi kwenye kitabu cha Fisher. Hesabu ilikuwa sahihi, t ilikuwa sahihi, jedwali lilikuwa sahihi. Vibao vya chupa ndivyo vilivyokosewa. Jedwali haliwezi kuliona kosa la namna hiyo. Ni lazima jicho la mtu.

Sasa zamu yenu. Nina t ya 2.50, na vipimo kumi. Mstari wa 9... naam, imepita 2.262, haijafika 2.821. Mikia miwili? Baina ya 0.02 na 0.05. Vizuri sana.

T ileile, 2.50, lakini safari hii nina vipimo vitano tu. Telezesheni kidole juu hadi mstari wa 4. Pale 2.132 imekaa chini ya 0.05, na 2.776 chini ya 0.025. Zidisheni kwa 2: baina ya 0.05 na 0.10. Umbali haukubadilika hata nukta, bali p imepanda, kwa sababu watu watano huyumba kuliko kumi. Pandeni tena hadi mstari wa 1, wa vipimo viwili, mwone: ili kufika kwenye safu ya 0.025 unahitaji hatua 12.706. Kisha shukeni hadi mstari wa mwisho kabisa, penye alama ya idadi isiyo na kikomo, mtakuta safu ileile inadai 1.960 tu. Pale chini ndipo walipokuwa mabingwa wenye maelfu ya vipimo. Huku juu ndipo alipokuwa Gosset na shayiri yake.