Kompyuta mpakato isiyotoka mezani: Usilipie usichokihitaji

Na Mwandishi Wetu

MIAKA ishirini iliyopita kompyuta ya nyumbani ilijulikana kwa sura yake. Ilikuwa na sanduku la chuma chini ya meza, kioo chenye kisogo kikubwa juu yake na, kwa familia zilizojiweza, kifaa cha UPS kilichopiga kelele kila umeme ulipokatika. Leo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam sanduku hilo halipo tena. Mahali pake imekaa kompyuta mpakato, imechomekwa ukutani kuanzia asubuhi hadi usiku, na haiondoki mezani isipokuwa siku ya kupelekwa kwa fundi.

Jina lenyewe limetokana na kupakata, yaani kuweka mapajani kama mtoto. Mashine inayozungumziwa katika makala haya haipakatwi na mtu. Mama huandikia hesabu za duka, kijana wa chuo humalizia ripoti yake, na jioni wadogo hutazama katuni. Kwa sababu hiyo, anayekwenda dukani kuinunua hana haja ya kutumia vipimo vya mtu wa safari. Hata hivyo, wauzaji wengi husifia kwanza mambo mawili: wepesi wa mashine na saa nyingi ambazo betri inadumu. Hayo ndiyo yanayopandisha bei, na ndiyo yenye faida ndogo zaidi kwa mashine ya mezani.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa mashine haitatoka mezani, kwa nini asinunue tu kompyuta ya mezani? Swali hilo ni la haki. Kompyuta ya mezani ni rahisi kutengeneza, hupoa vizuri na, kwa bei ileile, mara nyingi ina nguvu zaidi. Jibu liko kwenye umeme. Mgawo uliowatesa wananchi mwaka 2006, mwaka 2011 na tena kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 ulipata nafuu baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji kuanza kuzalisha umeme Februari 2024. Lakini umeme haukatiki kwa sababu ya upungufu peke yake. Transfoma huungua, nguzo huanguka, mafundi hufanya matengenezo. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika papo hapo na kuondoka na kazi isiyohifadhiwa. Kompyuta mpakato huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna pia suala la uniti za LUKU. Chukua kompyuta mpakato inayotumia wati 40 kwa saa nane kila siku. Kwa mwezi itakula uniti zisizofika 10. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake, ikitumia wati 150 kwa muda huohuo, itakula uniti 36.

Kwa hiyo betri ina kazi hata kwenye mashine isiyotembea, ila kazi yake ni ya ulinzi. Hebu tufanye hesabu. Betri ya wati-saa 50, ikichajiwa hadi asilimia 80 tu, inabaki na wati-saa 40. Mashine inayotumia wati 15 kwa kazi ya kuandika itadumu zaidi ya saa mbili na nusu. Muda huo unatosha kumaliza barua, kuihifadhi na kuizima mashine kwa utaratibu. Hakuna sababu ya kuongeza fedha nyingi ili kupata betri ya saa 18.

Betri hiyohiyo ndiyo inayoumia zaidi katika matumizi ya namna hii, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Wapo wanaoamini kwamba ikiachwa kwenye chaji usiku kucha hujaa kupita kiasi. Si kweli. Ndani ya mashine mna saketi inayokata chaji betri inapojaa, na tangu hapo kompyuta hutumia umeme wa chaja moja kwa moja. Wapo wengine wanaoshauri betri imalizwe kabisa kila wiki ndipo ichajiwe upya. Huo ni urithi wa betri za zamani za nikeli na kadimi. Betri za lithiamu, ambazo kampuni ya Sony ya Japani ilikuwa ya kwanza kuziingiza sokoni mwaka 1991, hazipendi kukaushwa. Kuzimaliza mara kwa mara ni kuzizeesha.

Maadui wa kweli wa betri hizo ni wawili, na huja pamoja: kukaa kwenye asilimia 100 muda wote, na joto. Seli moja ya lithiamu ikijaa huwa na volti zipatazo 4.2. Katika kiwango hicho kemikali zilizomo huendelea kuharibiana polepole, hata kama mashine haifanyi kazi yoyote. Joto huharakisha uharibifu huo. Mashine iliyochomekwa mwaka mzima katika chumba kisicho na kiyoyozi, katika jiji ambalo mwezi Januari joto la mchana hupita nyuzi 30, inawakaribisha maadui wote wawili.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwa na mashine iliyokaa mezani miaka mitatu bila kuchomolewa. Siku moja kibao cha kugusa kilicho chini ya kibodi kiligoma kubonyezeka. Baada ya wiki chache mfuniko haukufunga vizuri. Fundi alipoifungua, betri ilikuwa imetuna kama andazi. Kuibadilisha kulichukua nusu saa, lakini betri mpya ilisubiriwa majuma matatu kwa sababu modeli ile haikuwa na vipuri vingi hapa nchini. Betri iliyotuna ina gesi ndani na inaweza kushika moto ikitobolewa au kubanwa. Anayeona dalili hizo aizime mashine, aichomoe na kumpelekea fundi. Asijaribu kuifungua kwa bisibisi ya jikoni, na asiitupe betri hiyo jalalani.

Dawa ipo, na haina gharama. Watengenezaji wakubwa, wakiwamo Dell, Lenovo, HP, ASUS na Acer, huweka katika modeli zao nyingi mpangilio unaozuia chaji isipite kiwango fulani, kwa kawaida asilimia 80. Dell wana hata chaguo lililoandikwa mahususi kwa ajili ya mtu ambaye mashine yake hukaa kwenye umeme karibu wakati wote. Si kila modeli inao mpangilio huo, hivyo hili liwe swali la kwanza kwa muuzaji, kabla ya rangi na kabla ya bei. Mwombe aufungue mbele yako. Akishindwa, nenda duka la pili.

Swali la pili lihusu namna betri inavyotolewa. Zamani ilichomolewa kwa kusukuma vishikizo viwili, na wengi waliiondoa kabisa mashine ikiwa mezani. Siku hizi betri nyingi zimefichwa ndani. Iliyofungwa kwa skrubu haina tatizo kubwa. Iliyogandishwa kwa gundi ni kazi nyingine. Ni busara pia kuchagua modeli zinazonunuliwa kwa wingi na maofisi, kwa kuwa betri na chaja zake hupatikana Kariakoo bila kusubiri mzigo kutoka Dubai.

Baada ya betri linafuata joto la mashine yenyewe. Wembamba unaovutia dukani hulipiwa hapa, kwa maana mashine nyembamba sana haina nafasi ya feni nzuri, na ikipata joto hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Kwa matumizi ya mezani mashine nene kidogo, yenye matundu ya hewa ubavuni au nyuma, ni bora kuliko ile inayovuta hewa kwa chini tu. Anayetazama majina ya prosesa za Intel ataona herufi mwishoni. Kwa kawaida U huashiria chipu ya matumizi madogo ya umeme, karibu wati 15, na H huashiria ile ya wati 45 hivi. Mtu wa safari huikimbia H kwa sababu hula betri. Mtu wa mezani anaweza kuichukua bila hofu ikiwa ana kazi nzito kama kuhariri video, mradi akubali kelele za feni. Kwa barua, intaneti na masomo ya watoto, U inatosha.

Kumbukumbu, ile ambayo wauzaji huiita RAM, isipungue GB 8, na anayetaka mashine idumu miaka sita atafute 16. Uliza kama imegandishwa kwenye bodi au ina nafasi ya kuongeza. Katika mashine nyingi nyembamba imegandishwa, kwa hiyo utakachonunua leo ndicho utakachozeeka nacho. Diski iwe SSD. Diski ya kuzunguka huifanya hata prosesa mpya ionekane mvivu.

Kioo kinahitaji kufikiriwa kidogo. Kukaa saa nne kwa siku umeinamia kioo kilicho chini ya macho ni kujitafutia maumivu ya shingo. Dawa rahisi ni kuinua mashine juu ya vitabu, ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, kisha kutumia kibodi na mausi za pembeni, ambazo bei yake ni ndogo ikilinganishwa na mashine. Wenye uwezo huongeza kioo kikubwa cha inchi 24 kupitia tundu la HDMI. Wakumbuke tu kwamba umeme ukikatika kioo hicho huzimika, na ruta ya intaneti nayo huzimika. Kitakachobaki ni kioo cha mashine yenyewe na intaneti ya simu. Kwa hiyo kioo cha ndani nacho kisidharauliwe. Ukubwa wa inchi 15.6 na uwazi wa nukta 1920 kwa 1080 ni kiwango cha kuridhisha, na zile za 1366 kwa 768 ambazo bado huonekana madukani ziachwe.

Kuhusu umeme wa ukutani, chaja nyingi huandikwa kwamba hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo hausumbui sana. Kinachoua chaja ni mshtuko wa umeme unaporudi. Kifaa cha kinga kama kile kinachowekwa kwenye jokofu ni cha lazima, na wakati wa radi chomoa kabisa. Betri ipo, kazi haitasimama.

La mwisho ni neno "mpya". Mashine zilizotumika Ulaya na Marekani hung'arishwa na kuwekwa kwenye maboksi mazuri, na baadhi yake ni mashine imara kabisa. Tatizo ni umri. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Mashine ya mwaka 2016 iliyong'arishwa inaweza kuwaka vizuri dukani na bado ikawa haina mustakabali wa usalama kwa mfumo huo. Kuna njia ya kuipima mashine hapohapo kaunta: fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Ripoti hiyo huonesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Katika mashine mpya kweli namba hizo mbili hukaribiana sana. Zikitofautiana kwa theluthi moja, mashine hiyo imekwisha kukaa kwenye meza ya mtu mwingine.

Dai risiti yenye namba ya mashine, na soma waranti hadi mstari wa betri. Mara nyingi mashine hupewa miaka miwili au mitatu, lakini betri mwaka mmoja tu.