Usiachwe na Ndege: Soma Tikiti Vizuri



Familia moja ya hapa Kawangware ilifanya harambee, ikampata kijana wao tikiti ya kwenda kusoma New York. Tikiti ilisema 00:30, tarehe 15 Januari. Tarehe 15 usiku wakajaza gari wakaenda airport. Kumbe ndege ilishaondoka jana yake! Ikabidi waanze kutafuta pesa upya.

Kosa lilikuwa wapi? Sisi tukisema "usiku wa tarehe 15" tunahesabu mpaka kukuche. Tikiti haihesabu hivyo. Tarehe hubadilika saa sita usiku. Kwa hivyo 00:30 ni saa sita na nusu, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15. Unaondoka nyumbani tarehe 14.

Safari ni ya muda gani?

Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,800. Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018. Kwenda ni karibu saa 15, kurudi karibu saa 14. Kurudi ni upesi kwa sababu huko juu upepo mkali huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege. Ukibadilisha ndege njiani, ongeza saa za kungoja.

Lakini tikiti inaweza kusema: kutoka 00:30, kufika 07:30, tarehe ile ile. Mzazi anasema, "Ni saa saba tu!" Sivyo. Kila mji huandikwa kwa saa zake. Mwezi wa Januari New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba ni saa 7, kwa maana wao husogeza saa zao, sisi hatusogezi.

Basi hesabu hivi: 00:30 ongeza 15, unapata 15:30, yaani saa tisa na nusu alasiri hapa kwetu. Toa 8, ni 07:30 kule, saa moja na nusu asubuhi. Kwa hivyo mama asilie simu ikinyamaza asubuhi. Mtoto bado yuko angani.

Mambo ya kukumbuka

1. Fika airport saa tatu kabla. Kwa ndege ya 00:30, ni saa tatu na nusu usiku.

2. Ukitoka Kawangware au Kangemi, usipitishe saa kumi na mbili jioni. Kuna jamu ya kuingia mjini, na ukipanda matatu itabidi ubadilishe huko.

3. Andika kwenye kalenda siku ya kutoka nyumbani, si tarehe ya tikiti peke yake.

4. Kama huelewi, mwonyeshe mtu mwingine tikiti mapema. Kuuliza si ujinga.

Tuwaombee wasafiri wetu, lakini pia tuwasaidie kuhesabu. Safari njema.