Kipimo cha Chanjo kwa Mtoto na kwa Mtu Mzima

Bwana mmoja, karani, akaaye katika nyumba za Ziwani, Nairobi, alinijia na shauri lililomsumbua. Mkewe alijifungua kabla ya miezi kutimia, katika hospitali ya Pumwani isiyo mbali na mtaa wao, na mtoto alikuwa mdogo sana. Majuma sita yalipotimia, kliniki ikamtaka mtoto aletwe achomwe sindano. "Dawa ya homa hupimwa kwa uzito," akasema. "Mimi nameza vidonge viwili, mtoto hupewa matone. Mbona sindano hii haipunguzwi? Heri ningoje anenepe."

Swali lake si la kijinga, ila njia imempotea. Dawa ya homa huenea katika damu yote, na mwili mkubwa huhitaji nyingi. Chanjo ni kama kumwonyesha askari picha ya mwizi ili amtambue siku atakapokuja. Na mlinzi wa jumba kubwa hahitaji picha kubwa kuliko mlinzi wa kibanda. Ndiyo maana chanjo ya homa ya manjano ni nusu mililita kwa mtoto wa miezi tisa, na ni nusu mililita kwa baba yake.

Ziko chanjo zenye vipimo mbalimbali. Ile ya kifua kikuu, BCG, mtoto asiyetimiza mwaka hupewa mililita 0.05, na aliyepita mwaka 0.1, kwa kuwa kipimo kikubwa humzidishia mchanga vidonda na uvimbe wa tezi za kwapani. Lakini chanjo ya dondakoo huenda kinyume: mtoto hupewa nguvu nyingi kuliko mtu mzima! Mwili wa mtu mzima umekwisha kuzoea, na kipimo cha mtoto kingemvimbisha mkono bure.

Tena mwaka 2016, homa ya manjano ilipoingia Kinshasa na chanjo zikawa haba, watu wazima walipewa sehemu moja ya tano tu ya kipimo. Watoto wasiotimiza miaka miwili walipewa kipimo kizima, maana haikuwa imethibitishwa kwamba kidogo kingewatosha. Majaribio yaliyofanywa baadaye Kilifi na Mbarara yalionyesha kwamba sehemu ile huwatosha watu wazima.

Basi nikamweleza yule bwana kwamba askari wa mwili wa mtoto bado ni wanagenzi, na kuonyeshwa mara moja hakuwatoshi. Ndiyo sababu huitwa majuma ya 6, 10 na 14. Aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, kwa kipimo kile kile. Kumngoja anenepe ni kumwacha wazi mbele ya kifaduro, ugonjwa ambao huwaua zaidi wachanga wa miezi michache.

Alimpeleka Jumatatu. Nesi alimpima mtoto uzito, akauandika kitabuni, kisha akamchoma nusu mililita, kama mwenziwe aliyenenepa aliyetangulia.