Ungo wa Satelaiti: Umbo Lake na Kichwa Chake

Ungo uliofungwa juu ya nyumba huko Kilakala, Morogoro, una Milima ya Uluguru upande wa kusini. Je, milima hiyo huzuia mawimbi ya satelaiti? Hapana. Satelaiti za matangazo zipo kilometa 36,000 hivi juu ya Ikweta, na Morogoro ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mawimbi ya satelaiti iliyo longitudo 36 Mashariki hushuka kutoka upande wa kaskazini, kwa pembe ya nyuzi 82 hivi kutoka usawa wa ardhi.

Kwa nini parabola?
Satelaiti iko mbali mno, hivyo mawimbi yake hufika yakiwa sambamba. Kumbuka somo la kioo mbonyeo: parabola huakisi miale yote iliyo sambamba na mhimili mkuu hadi nukta moja, yaani fokasi. Aidha, njia zote hadi fokasi zina urefu sawa, hivyo mawimbi hufika kwa pamoja na kuimarishana. Umbo la tufe halifanyi hivyo. Miale ya pembeni huikosa fokasi.

Mfano
Ungo wa duara wenye kichwa katikati una kipenyo D = sm 120 na kina d = sm 15. Kichwa kifungwe wapi?

Jibu: f = D² ÷ 16d = 14,400 ÷ 240 = sm 60 kutoka kitako cha ungo.

Kichwa cha ungo
Kichwa, ambacho mafundi hukiita LNB, hukaa kwenye fokasi. Kikitazama eneo pana kuliko ungo, hupokea pia kelele za joto la ardhi. Kikitazama eneo dogo mno, kingo za ungo hazitumiki. Kwa hiyo kichwa huchaguliwa kulingana na uwiano wa f kwa D. Katika mfano wetu ni 0.5.

Epuka makosa haya
1. Usiseme ungo huongeza nishati ya mawimbi. Ungo huyakusanya tu. Kipenyo kikiwa maradufu, eneo la kukusanyia huwa mara 4.
2. Nyungo nyingi za nyumbani ni kipande cha pembeni cha parabola kubwa. Kichwa hukaa chini ili kisiweke kivuli. Usitumie kanuni ya hapo juu kwa ungo wa aina hiyo.

Jipime
Masafa ni GHz 12. Tafuta urefu wa wimbi. (Jibu: sm 2.5)