Besi Inayolipwa na Betri: Hesabu ya Bafle Moja Oicha

Kwaya ya kawaida Oicha, katika wilaya ya Beni mashariki mwa Kongo, huwa na ampli moja, bafle mbili za inchi nane, kinanda, gitaa la solo na gitaa la besi, na nyuma ya jukwaa betri inayochajiwa na plaki ya sola iliyo juu ya bati. Sauti za waimbaji zinatoka vizuri, solo inalia, lakini mpiga besi anavuta nyuzi bure. Anaonekana akicheza, hasikiki. Mwishowe kamati inakubaliana kuongeza bafle ya besi, na pesa iliyopo ni kidogo. Swali linalofuata karibu kila mahali ni hili: tununue ya wati ngapi?

Naona swali hilo linaanzia mahali pasipofaa. Mashauri mengi yanayotufikia kuhusu besi yameandikwa kwa ajili ya gari au mashua ya starehe. Huko nafasi ni finyu, lakini kuna injini inayochaji betri saa zote. Oicha mambo yamegeuka. Ukumbi ni mpana, mbao haziko mbali, na kitu adimu ni umeme wenyewe. Anayefuata shauri la gari hujikuta ameokoa nafasi asiyoihitaji na kuchoma umeme asio nao.

Tuanze na kazi ambayo spika inafanya. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne hutoa noti ya hezi 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde. Ili spika itoe sauti ya nguvu ileile huku noti ikishuka kwa oktavu moja, koni yake lazima isogee mara nne zaidi. Kutoka hezi 82 hadi 41, mara nne. Kutoka 164 hadi 41, mara kumi na sita. Koni ya inchi nane haina pa kwenda. Inafika mwisho wa uwezo wake, inaanza kukwaruza, na yule aliye kwenye ampli anaongeza kitufe cha besi akidhani anasaidia. Dawa ni kusukuma hewa nyingi kwa eneo kubwa, ndiyo maana tunatafuta spika ya inchi 12 au 15.

Hapo ndipo sheria moja ya fizikia inapotukabili, na hakuna kiwanda kilichoishinda. Sanduku dogo, noti ya chini sana, na sauti kubwa kwa wati chache: katika hayo matatu utapata mawili tu. Spika za besi za magari zimechagua sanduku dogo na noti ya chini, kwa hiyo zinakula wati. Nyingi hutoa desibeli 84 hadi 87 zikipewa wati moja na kupimwa kwa umbali wa mita moja. Spika za jukwaa za inchi 12, zile zenye koni ya karatasi ngumu na ukingo wa kitambaa kilichokunjwa, mara nyingi hutoa desibeli 93 hadi 96. Zenyewe hutaka sanduku kubwa na hazishuki chini kama zile za magari.

Tofauti ya desibeli 86 na 95 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kila desibeli 3 ni wati mara mbili. Desibeli 9 ni wati mara nane. Spika ya jukwaa ikipewa wati 50 za kweli, ile ya gari itahitaji wati 400 ili kupiga kwa nguvu ileile. Sasa tuhesabu betri. Muziki haukai kileleni muda wote. Makadirio ya kawaida ya mafundi ni kwamba wastani wake ni kama sehemu moja ya nane ya kilele. Kwa hiyo spika ya jukwaa inakula wastani wa wati 6, na ampli yake itavuta labda 12 hadi 15 kwenye betri. Ya gari inakula wastani wa wati 50, na hata ampli nzuri itavuta kama 70. Harusi ya saa tano: upande mmoja wati-saa 75 au chini yake, upande wa pili 350. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, na betri ya risasi isiyotaka kufa mapema haishushwi chini ya nusu. Zimebaki 600, na kinanda, mikrofoni na taa zinasubiri humo humo. Kuna kwaya ambazo zingelazimika kununua betri ya pili kwa sababu tu zilichagua spika isiyofaa.

Kuhusu wati zilizoandikwa kwenye katoni, heri kutoziamini kabisa. Wafanyabiashara wa Butembo wanaleta bidhaa kutoka Dubai na Guangzhou, nyingine zinapita mpaka wa Kasindi kutoka Uganda, na juu ya maboksi utasoma 1,000, 2,000, hata zaidi. Geuza ampli utazame fyuzi yake. Ikiwa ni ya ampea 20, ampli hiyo haiwezi kuvuta kwa muda mrefu zaidi ya ampea 20 mara volti 12, yaani wati 240, na sehemu ya hizo inapotea kuwa joto. Iliyoandikwa 2,000 ikiwa na fyuzi ya 20 imejisema yenyewe. Ampli ndogo zisizo na saketi ya kupandisha volti zina mpaka mwingine: kwa volti 12, chaneli moja kwenye spika ya omu 4 haipiti kama wati 18. Kwenye omu 8 ni nusu yake. Kwa kazi yetu tafuta ampli inayokubali volti 12 moja kwa moja, ya daraja D kama inapatikana, kwa sababu hupoteza kidogo. Kupitisha umeme kwenye konvertisa ya volti 220 ili kuwasha ampli ya nyumbani ni kulipa ushuru njiani.

Pesa inayobaki iende kwenye sanduku, na hapa sioni sababu ya kubana. Spika isiyo na sanduku inasukuma hewa mbele na wakati huohuo inaivuta nyuma. Noti za chini huzunguka ukingo na kufutana. Mtu akishika spika ya inchi 12 mikononi ikiwa inapiga, atasikia mlio mkavu usio na kifua. Akiiegemeza kwenye tundu la ubao mpana, besi inatokea pale pale, bila wati kuongezwa.

Kwa spika ya jukwaa ya inchi 12, sanduku lenye vipimo vya ndani sentimita 60 kwa 40 kwa 32 linatoa karibu lita 77. Ukiondoa nafasi inayoliwa na spika na mabomba, zinabaki kama lita 70. Mabomba ni mawili, ya plastiki, yale ya maji machafu ya kipenyo cha sentimita 11 kwa nje, kila moja likiwa na urefu wa sentimita 20, yakifunguka upande wa mbele. Kwa lita hizo, hewa iliyo ndani ya mabomba itacheza karibu na hezi 50 na kuisaidia spika mahali inapochoka. Mtu atauliza kuhusu ile noti ya 41. Itapungua, ni kweli. Lakini noti ya gitaa haitembei peke yake. Ndani yake kuna 82 na 123, na masikio yakisikia hizo yanatambua noti yenyewe. Kitu cha kuepuka ni kulazimisha. Chini ya 50 mabomba hayaishiki tena koni, na kitufe cha besi kikifunguliwa hadi mwisho spika inaweza kukatika.

Seremala apewe tripleksi ya milimita 18. Karatasi ya kawaida ya sentimita 122 kwa 244 inatoa masanduku mawili ya vipimo hivi, kwa hiyo kwaya mbili zikinunua pamoja kila moja inalipa nusu. Ubao wa msituni ni mgumu na mzuri, lakini ukiwa mbichi utakauka, utajikunja, na mwanya utafunguka kwenye kona. Kila kiungo kipakwe gundi nyeupe kabla ya skrubu, na kona za ndani zizibwe kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno. Kipande cha ubao kiunganishe kuta mbili ndefu katikati, ili zisitetemeke. Ukutani pakigongwa kwa kifundo cha kidole palie kwa ufupi, kama gogo. Pakilia kama ngoma, ongeza kipande kingine.

Waya ni jambo la haraka ila lina hasara yake. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mita tano kwenda na tano kurudi, ukibeba ampea 20 unapoteza volti 1.4, ampli inapata 10.6 badala ya 12 na inaweza kuanza kujizima kwenye mapigo makubwa. Wa milimita 10 unapoteza 0.35 tu. Ukiwa dukani, kwangua waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na itabidi uchukue mnene zaidi. Ampli ikae karibu na betri, fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Waya mrefu uwe ule wa kwenda kwenye spika.

Bafle ndogo za zamani nazo zinahitaji kupumzishwa. Zikiendelea kupokea besi zitakwaruza kama mwanzo. Kondensata mbili za mikrofaradi 470 zilizotolewa kwenye ampli mbovu, zikiunganishwa hasi kwa hasi, zinakuwa moja ya 235 isiyochagua upande. Ikiwekwa kwenye waya wa bafle ya omu 8, inaanza kuzuia noti zilizo chini ya hezi 85 hivi. Mafundi wa redio wa Oicha na Beni wana vitu hivyo kwenye makopo yao.

Spika iliyotumika si aibu, na kwa bajeti ndogo mara nyingi ndiyo busara. Bonyeza koni kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa pande zote, taratibu. Ikikwaruza ndani, koili imepinda au imeungua, achana nayo. Kwa kipimo cha umeme, ya omu 8 isome kati ya 5.5 na 7. Kisha gusisha betri ya tochi ya volti 1.5: koni ikiruka mbele, mguso ulioshika chanya ndio chanya ya spika. Weka alama. Mkiisha kuunganisha, geuzeni nyaya za bafle ya besi mara moja na msikilize tena. Upande wenye kifua zaidi ndio sahihi, na jaribio hilo ni la bure.

Ndani ya kanisa, bafle ikae chini kwenye kona, maana sakafu na kuta mbili huzirudisha noti za chini kwa watu. Uwanjani, chini ya turubai, msaada huo unabaki wa ardhi tu. Ndiyo hali ya mwenye mtumbwi wa injini kule Kyavinyonge, kwenye ziwa Edouard: hewa wazi pande zote, nafasi ndogo, na maji. Yeye ndiye shauri la sanduku dogo na wati nyingi linamfaa, na hata yeye atenge betri ya muziki na ile ya kuwashia injini.

Jambo la mwisho linahusu Oicha hasa. Noti za chini hupita ukuta wa mbao na wa udongo kuliko sauti nyingine yoyote, na husafiri mbali. Katika wilaya ambayo tangu Oktoba 2014 raia wake wameuawa usiku na mchana, watu wengi hulala wakisikiliza. Jirani ana haki ya kusikia mbwa akibweka, hatua za watu barabarani, mtu akiita. Kwa hiyo naomba kwaya na wakodishaji wa sono wazime bafle ya besi kabla giza halijaingia, hata kama betri bado ina nguvu. Betri ikiachwa ipumzike saa chache, kipimo kikisoma volti 12.2 ujue imefika nusu. Kesho plaki ianze kuijaza kabla ya mazoezi.